Kadi Yangu Iko Sironga

Nyamache,
9 Februari 2025

Dada Eucabeth,

Bwakire. Huku hatujambo, isipokuwa Manasseh aliyejisukumia punje ya maharagwe puani tukamnusisha pilipili hadi akapiga chafya ikatoka. Duke ameingia gredi ya saba na sasa anajiona mzee wa boma. Lewis na Abner wanapigania soksi kila asubuhi. Jua la Februari limeikausha chai, tunachuma kidogo mno. Mama mkwe anakusalimu, ingawa hajui nakuandikia.

Utauliza kwa nini sipigi simu kama watu. Simu ya nyumba hii ni moja, nayo hutembea mfukoni mwa Mose. Karatasi nazo mama mkwe huzipekua hadi ndani ya mkebe wa unga, ila yeye ni msomaji wa Biblia ya Kigusii. Kiswahili hakimpandi. Kwa hiyo vumilia Kiswahili changu cha darasa la nane, na umshukuru binamu yetu Anyona anayezipitisha barua zetu katikati ya ndizi zake.

Shuleni tulifundishwa kuandika "dhumuni la barua hii". Haya, dhumuni la barua hii ni sindano ya kupanga uzazi. Kadi yangu iko kwako, wewe ndiwe mwenye tarehe, lakini mimi nakumbuka ni tarehe tatu Machi. Uliponidunga Desemba zahanati kwenu ulisema dawa zimeadimika. Je, zimefika? Hapa Nyamache siwezi kudungwa. Mama anayeandika majina zahanati anaimba kwaya na mama mkwe, na Mose atapata habari kabla sijatupa pamba. Unajua anavyotaka msichana. Anasema tutajaribu hadi tumpate, kana kwamba anayebeba ni yeye.

Mimi nimefika mwisho wa kuzaa, dada. Shamba letu ni robo tatu ya ekari. Juzi tukichuma chai Duke aliniuliza, "Mama, mstari wangu utakuwa upi?" Nikahesabu mistari, nikahesabu wavulana wanne, nikajifanya sikusikia. Mama yetu alizaa tisa akiwa na mlima mzima wa kulima. Mimi wa tano nitampanda wapi?

Kwa hiyo usinicheleweshe. Unanijua mimi, Mose akikohoa tu upande wa pili wa kitanda, mimba imeingia.

Nilipolala kwako Desemba niliamka saa mbili na nusu, jua liko juu ya kochi lako, hakuna aliyeniita. Nilikuonea wivu, nakwambia wazi. Mshahara wako, viatu vyako vitatu mlangoni, ukimya ule.

Nitumie neno moja tu kwa Anyona: njoo. Nitasema nakwenda kukuona, nifike siku hiyo hiyo.

Mdogo wako,
Bitutu


Sironga,
23 Machi 2025

Mdogo wangu Bitutu,

Nakusalimu, nawasalimu watoto, na Mose, na mama mkwe wako. Shemeji yako Masese ni mzima. Ofisini kwao Nyamira wamempa meza karibu na dirisha na ameizungumzia wiki nzima. Nimepanda sukuma wiki nyuma ya nyumba. Barua yako ilifika siku nyingi, lakini kazi imenizidi. Zahanati tumebaki wauguzi wawili, mimi na Beverlyne.

Umenikumbusha mama na watoto wake tisa. Ungeliona daftari langu ungeshangaa jinsi mambo yalivyobadilika. Wanaojifungua hapa siku hizi wengi wanakoma kwa wawili, watatu. Shule tuliyosoma, darasa la kwanza lililokuwa likikaa watatu watatu kwa dawati, sasa lina madawati matupu. Tuna swali tunalomwuliza kila mjamzito: mimba hii ulikuwa umeipanga? Nilipoanza kazi waliojibu hapana walikuwa wasichana wenye sare za shule. Hao bado wanakuja. Lakini siku hizi wengi wanaolia kwenye kiti changu ni wake za watu, wana watatu, wana wanne, waliokosa sindano moja kwa sababu ya mvua, au mume, au dawa kuisha.

Naandika hapana, nafunga daftari, naenda nyumbani. Miaka kumi na mmoja ya ndoa, hakuna aliyewahi kuniuliza mimi swali hilo. Wewe kila mtu anakuita Mama Duke. Mimi hata kanisani naitwa sista, kama zahanati.

Kuhusu sindano, hazijafika. Subiri. Zikifika nitakujulisha.

Na kuhusu usingizi wangu unaouonea wivu, ukitaka tubadilishane vitanda. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Dada yako,
Eucabeth


Nyamache,
20 Julai 2025

Dada,

Salamu. Abner ameng'oka jino la mbele. Mama mkwe alianguka kwenye utelezi kisimani lakini amepona, na sauti haikuumia hata kidogo.

Nilisubiri kama ulivyoniambia. Aprili nikasubiri, Mei nikasubiri. Kila Anyona akirudi namwuliza, "Hujapewa kitu?" Anasema, "Nimepewa salamu." Nilimkwepa Mose nilivyoweza. Nililala na Manasseh katikati, nikasingizia mgongo, nikasingizia meno. Mwanamke wa miaka thelathini na minne ana maumivu mangapi ya kusingizia?

Sasa ni miezi miwili. Nimejua kwa harufu ya chai mbichi, kama nilivyojua kwa wote wanne.

Sitaki, dada. Naliandika hapa kwa kuwa sina pa kulisema. Mose hajajua. Akijua ataimba. Kila nikipita shambani naiona mistari ile ya chai, naona watoto wangu wakigawana vichaka kama watu wanavyogawana mkate. Duke ni wa kwanza darasani mwake, na karo yake ya sekondari itatoka kwenye majani hayo hayo. Nina hasira na tumbo langu. Nikikumbuka kwamba wewe hukosa usingizi kwa kulitafuta hili ninalolilia, naona hata Mungu hasomi anwani vizuri.

Purity wa duka la mitumba amenielekeza kwa mama mmoja sokoni mwenye dawa za mizizi. Nimeshazichukua. Ziko kwenye chupa ya mafuta ya taa, nyuma ya kuni. Purity anasema mtu hulala mgonjwa siku mbili tu.

Wewe ni muuguzi. Niambie la kufanya, na usinicheleweshe kama mara ile.

Bitutu


Sironga,
24 Julai 2025

Bitutu,

Nimemzuia Anyona barabarani na ndizi zake ili arudi na barua hii leo leo. Salamu nitakuletea siku nyingine.

Usinywe. Mwaga chupa hiyo chooni kabla hujamaliza kusoma. Nimewapokea hapa waliokunywa mizizi ya masokoni. Mwaka jana mmoja alifika amelazwa kwenye toroli, ana watoto watatu, na tulimfunika kabla gari la wagonjwa la Kisii halijaja. Usimwache Duke akiwapikia wenzake. Nakuomba kwa jina la mama.

Na sasa nisikilize na usikasirike. Nizalie mimi. Mtoto huyo nipe. Kliniki nitasimamia mimi, chakula nitaleta mimi, na akiacha kunyonya nitamchukua. Masese atakubali, nimemwona anavyowatazama watoto wa jirani. Mose atakuwa na wanne wake na mistari yake. Wewe hutaki, mimi nataka. Kuna ubaya gani?

Siku tuliyomzika mama uliniahidi jina lake hutampa mtoto kabla yangu, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Umezaa wavulana wanne, kwa hiyo ahadi haikukugharimu kitu. Mimi nimekaa na jina hilo miaka minane. Nimelitamka jikoni peke yangu, nikisikiliza lingekaaje nikimwita mtoto aingie ndani. Akiwa msichana ataitwa Mong'ina, nami nitakuwa nimezaliwa na Mong'ina na nimemzaa Mong'ina.

Sijawahi kukwambia hili. Kila ulipojifungua nilikuja na leso na sukari, nikakupikia mboga ya chinsaga, nikafua nepi, halafu njiani kurudi nikateremka Kiogoro nikakaa nyuma ya kanisa nikalia mpaka macho yakakauka. Manasseh nilishindwa hata kumbeba. Nilisema nina mafua.

Nijibu upesi.

Eucabeth


Nyamache,
19 Septemba 2025

Kwa Eucabeth,

Hatujambo. Salamu umezipata, sasa soma.

Ile chupa niliimwaga. Barua yako niliisoma mara tatu nyuma ya choo, nikalia, nikasema, nina dada anayenipenda. Nikaanza hata kuzoea hilo ombi lako. Nilijiambia, mtoto si mbuzi, lakini kama kuna mtu wa kupewa, ni huyu.

Jumanne nikaja Sironga kuanza kliniki. Sikukuarifu, nilitaka ushangae. Nikaambiwa umekwenda semina Kisii, nikahudumiwa na Beverlyne. Mtu mwema, mcheshi. Akaandika jina langu, akauliza lile swali lako, nikajibu hapana. Akainua kichwa. Akasema, "Wewe ndiwe Bitutu? Mbona hukuja Machi, na dada yako alikuwekea dawa?"

Nikamwambia hakukuwa na dawa. Akacheka, akafungua droo ya meza yako, akanionyesha. Kisanduku kidogo kimefungwa plasta nyeupe, na juu yake jina langu kwa mwandiko wako. Chini umeandika 13 Februari.

Tarehe kumi na tatu Februari, Eucabeth. Siku kumi na nane kabla ya tarehe yangu. Mwezi mzima na zaidi kabla hujaniandikia nisubiri.

Niliondoka bila kungoja chenji ya soda niliyonunua langoni. Nilikuwa nimekwenda na miguu miwili nikarudi siioni barabara. Kikulacho ki nguoni mwako, mama alikuwa akisema, nami siku zote nilidhani anazungumzia kunguni.

Mose ameshajua, anaimba kama nilivyosema. Mama mkwe anafuma sweta.

Mtoto sikupi. Hata nikizaa mapacha sikupi. Niambie jambo moja tu, na uliandike kwa Kiswahili kilichonyooka: kwa nini?

Bitutu


Sironga,
12 Oktoba 2025

Bitutu,

Natumaini barua hii inakukuta salama na miguu haijaanza kuvimba. Lala kwa ubavu wa kushoto. Kunywa maji. Naandika haya kwanza kwa sababu sijui kama utasoma yanayofuata.

Barua yako ya Februari Anyona alinipa Alhamisi asubuhi nikiwa naingia kazini. Niliiweka mfukoni bila kufungua, nikaenda chooni, na baada ya kuchelewa siku kumi na saba nikakuta damu. Siku kumi na saba, Bitutu. Nilikuwa nimeshamwambia Masese. Alikuwa ameshanunua rangi ya chumba kidogo.

Nikaketi mezani, nikafungua barua yako ili nipate cha kucheka. Na kwanza nilicheka, kwa punje ya maharagwe. Nilipoona unauliza sindano nikaenda kabatini, zilikuwa zimebaki mbili, nikachukua moja na kuifunga plasta na kuandika jina lako. Hilo nililifanya kwa moyo mweupe, na ndiyo maana tarehe iko pale. Kisha nikarudi kumalizia kusoma, nikafika mahali ulipoandika kwamba Mose akikohoa tu upande wa pili wa kitanda mimba inaingia.

Nilifunga droo.

Nilisema, ngoja naye akose kitu anachokitaka. Mara moja tu, ajue inavyouma. Anyona alipita Jumatatu nikampa salamu. Alipita Alhamisi nikampa salamu. Nilitaka kukwambia hapa kwamba niliamini utatafuta kwingine, lakini umesema Kiswahili kilichonyooka. Nilikuandikia usubiri. Nilijua ukiambiwa na mimi usubiri utasubiri.

Nilitaka ukose, na kumbe nilikuwa nakupa kile kile ninachokilia. Nikikuwaza na mimba hiyo wivu unanila upya, ilhali ni mimi niliyeileta. Kisha nikathubutu kuiomba. Sijui mtu kama huyo anaitwaje.

Beverlyne sikumkasirikia. Nimemwambia. Nimemwomba nisiwe mimi tena wa kugawa sindano hizo, akaniuliza nani atazigawa, na sisi ni wawili. Kwa hiyo bado nazigawa. Kila mama ninayemdunga namwandikia tarehe mara mbili, kwenye kadi na kwenye kiganja cha mkono. Wananiona nimechanganyikiwa.

Kwenye jina lako daftarini Beverlyne ameandika ile hapana. Naipita kila siku nikitafuta ukurasa wa leo.

Siombi msamaha kwa barua. Kadi yako ninayo, sijui nifanye nini nayo.

Eucabeth


Nyamache,
22 Februari 2026

Dada,

Mvua imeanza mapema na chai imechangamka. Duke amekuwa wa pili badala ya wa kwanza na hali chakula. Mama mkwe ameanza kunitilia shaka juu ya barua hizi. Amemwomba Lewis amfundishe Kiswahili, kwa hiyo hatuna siku nyingi.

Barua zako tatu za baada ya Oktoba ziko hapa, sikuzifungua. Ile ya Oktoba niliisoma mpaka ikachanika kwenye mikunjo.

Nilijifungua Jumatano tarehe kumi na moja. Ni msichana. Mose alilia hospitalini mbele ya watu.

Mama mkwe alikuwa na jina tayari, la marehemu mama yake. Kila mtu alikuwa kitandani pangu akingoja nitikise kichwa. Nikasema anaitwa Mong'ina. Sikuteleza ulimi, nilifanya kwa makusudi. Nilikuwa nimeipanga hasira hiyo tangu Septemba: Eucabeth alinificha neno moja, nami nitamchukulia jina moja. Nilitaka usikie ukiwa jikoni kwako, uumie. Kisha nikamtazama. Anakunja uso kama mama alivyokuwa akikunja kabla ya kugomba. Nililia mpaka muuguzi akaniuliza kama ni mshono.

Nisikilize sasa. Mtoto nampenda, usilitumie neno hilo siku moja kunishinda nalo. Mwezi wa saba sikumtaka. Leo atakayemgusa nitamuuma. Yote mawili ni kweli na wala sioni aibu. Mistari ya chai haijaongezeka hata mmoja.

Mose aliniuliza kama sasa tutamtafutia Mong'ina mwenzake. Nikamwambia mbele ya mama yake kwamba kabla ya mimba hii nilidungwa sindano miaka mitatu na nitaendelea kudungwa, na safari hii nitadungwa hapa hapa Nyamache, mchana, kwaya nzima ikitazama. Siku ya tatu, akitoka kuchuma, akaniuliza, "Inauma?"

Bado nina hasira nawe. Nikifua nepi inapungua, nikikaa inarudi. Na bado nakuonea wivu ule usingizi, hasa sasa. Lakini chinsaga anayonipikia mama mkwe ni chungu, hajui kuitia maziwa kama wewe, na hakuna mwingine aliyemjua mama wa kumwonyesha huu uso.

Mwaka jana nilikaa miezi mitano nikingoja neno moja kutoka kwako. Mimi silifichi.

Njoo.

Njoo na kadi yangu. Haitalala Sironga tena.

Bitutu


Sironga,
24 Februari 2026

Mdogo wangu,

Masese anakusalimu. Sukuma wiki imeliwa na konokono.

Jina nimelisikia nikiwa jikoni, kama ulivyotaka, na limeniuma kama ulivyotaka. Nilikaa chini karibu na jiko, ugali ukaungua. Kisha nikalitamka kwa sauti, na kwa mara ya kwanza nilikuwa namtaja mtu aliye hai.

Nakuja Jumapili. Kadi iko kwenye mkoba tangu jana. Ninaleta maziwa ya kutia kwenye chinsaga na leso mpya. Wivu nao nitakuja nao, usiniulize kama umekwisha, haujakwisha. Lakini safari hii sitasema nina mafua. Nitambeba.

Mwambie mama yetu mchanga ninakuja.

Eucabeth